Kikohozi cha Babu

Ofisini kwetu Iringa kuna dada anayekuja kusafisha kila Jumamosi, na juzi alikuja na kopo la nta nyekundu ya sakafu. Wa umri wangu mnaikumbuka. Ile inayopakwa kwa kitambaa huku umepiga magoti, halafu inasuguliwa kwa brashi mpaka saruji inang'aa na soksi za watoto zinakuwa nyekundu wiki nzima. Nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta, nasogeza kijumba cha rangi ya bluu upande huu na upande ule, maana kazi yangu ndiyo hiyo, kubuni magemu ya simu. Harufu iliponifikia niliinuka, nikatoka mpaka kwenye ngazi, nikasimama pale nimejiziba mdomo. Wenzangu walidhani tumbo limeniuma. Halikuwa tumbo. Niliona aibu, aibu ya zamani kabisa, na ilinishika mbichi kama ya jana.

Kwetu Ilomba, jijini Mbeya, nta ile ilikuwa na maana moja tu: Babu anakuja. Babu mzaa baba aliishi Tukuyu kwenye migomba yake, na alipokuja kwetu alivaa koti zito na kofia ya pama ambayo aliivua kwa kusali tu. Siku moja kabla, Mama alipiga magoti sebuleni na kopo lake, akarudi kinyumenyume kutoka dirishani hadi mlangoni ili asiache alama ya goti. Akimaliza, aliiacha ile sebule kama mtu aliyehama. Babu akishafika, Mama haonekani tena mbele ya nyumba mpaka mgeni aondoke.

Leo naweza kulieleza jambo hili kwa maneno machache. Kwetu Wanyakyusa, hasa kwa wazee wa zamani, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona njiani anapisha, akisikia sauti yake anajitenga, na mzee mwenyewe anajitahidi asimfumanie. Ni heshima, tena kubwa, ingawa wengi wameshaiacha. Mama aliishika. Lakini mimi hakuna aliyenipa hata hayo maneno machache. Watoto tuliachwa tujionee, na nilichojionea mimi ni kwamba mama yangu, mtu mzima, mwanakwaya, mwenye mkoba wake wa kanisani, anacheza kombolela na babu yangu.

Na kwa kweli, ungeona, ungesema hivyohivyo. Jiko letu lilikuwa nje, uani, na choo kilikuwa uani vilevile, kwa hiyo Babu alikuwa hana namna, lazima apite mbele ya jiko. Basi kabla hajainuka kwenye kiti, alikohoa. Kilikuwa kikohozi kimoja kizito, kama geti la chuma linalofunguliwa. Kisha akanyamaza kidogo. Kule jikoni Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria, akavuta mlango. Ndipo Babu akatoka, akavuka uwanja anatazama miguu yake. Mlango wa choo ukishafungwa, Mama huyo, anachomoka, anaingia ndani, anachukua anachochukua, anarudi. Sijawahi kumwona mama yangu akiwa mwepesi namna ile.

Chakula nilipeleka mimi. Babu akishiba alisema kwa sauti ya kufika jikoni, "Mwambie aliyepika, ndaga fijo." Nikatoka mbio. "Mama, Babu anasema ndaga fijo, anashukuru sana." "Mwambie na mimi nashukuru kama kimempendeza." Nikatoka mbio tena. Ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba, kila mmoja ameshamsikia mwenzake, lakini bado nilitumwa, na nilijiona mtu wa maana mno. Rafiki yangu Neema, ambaye mama yake alitokea Kalenga, Uheheni, alishangaa. "Kwani mama yako ana kosa gani? Bibi yangu akienda kwa mkwewe anamwamkia kamwene, wanakaa, wanakula."

"Hana kosa," nilimwambia. "Wanacheza."

Wakati ule kulikuwa na kibanda cha gemu kule barabarani, cha mabati, runinga mbili na giza. Wasichana hatukuingia. Msichana akionekana pale, habari zake zinafika nyumbani kabla yake. Lakini mlango ulikuwa na pazia, na pazia lilikuwa na tundu, na mimi nilikuwa na jicho. Kupitia tundu lile niliona mwanajeshi wa kwenye runinga akijibanza nyuma ya ukuta, anasubiri walinzi wageuke, anakimbia, anajibanza tena. Wavulana walimpigia kelele. Mimi nilisimama pale nimeganda, nikawaza: huyu ni mama yangu.

Nikaenda nikachana boksi la sabuni. Nikachora nyumba yetu kwa mkaa: sebule, korido, vyumba, uwanja, jiko, choo. Babu akawa kizibo cha soda ya chungwa, Mama akawa kizibo cheusi, na dadu tuliazima kutoka kwa kaka yake Neema. Mama alitakiwa atoe chupa ya chai jikoni, aifikishe sebuleni na kurudi, bila kuwa chumba kimoja na Babu wala kwenye mstari wa macho yake. Na anayemchezesha Babu lazima akohoe kabla ya kurusha dadu. Asipokohoa, zamu imempita. Hilo la kukohoa ndilo lililoipeleka ile kadibodi mtaa mzima. Watoto walikohoa mpaka wazazi wao wakaanza kuuliza kama kuna mafua yameingia. Na katika wote, mwenye kikohozi cha Babu hasa, kile chenyewe, alikuwa mimi. Nilikifanyia mazoezi. Neema alikuwa akifumba macho, ananiita kwa jina langu, "Tumpe, kohoa," nikikohoa anacheka mpaka analala chini.

Kitu kimoja tu kilinikera. Kizibo cheusi hakikuwa na namna ya kushinda. Kinafika, kinarudi, kinajificha, mchezo unaanza upya. Nilimwonea Mama huruma. Nikaongeza kanuni yangu mwenyewe: Mama akifaulu kukifikia kiti cha Babu, ameshinda, mchezo umekwisha, hajifichi tena.

Mwaka ule Babu alikuja kukaa muda mrefu kuliko kawaida. Macho yalikuwa yamemfunga, yote mawili yana mtoto wa jicho, na Baba alimpangia hospitalini atengenezwe moja kwanza, likipona lifuate la pili. La kwanza likatengenezwa. Akarudi kwetu amefungwa bandeji upande mmoja, na kwa upande wa pili akiona ukungu tu. Aliendelea kukohoa vilevile kabla ya kuinuka, akapapasa ukuta hadi uani, na Mama aliendelea kuvuta mlango wa jiko vilevile. Hata mbele ya kipofu anajificha, niliwaza, na nikazidi kumwona Mama hodari.

Jumapili moja watu wa kanisani walikuja kumwombea. Sebule ilijaa hadi mlangoni, kina mama wamekaa kwenye mikeka juu ya ile sakafu nyekundu, Babu kwenye kiti chake, Baba pembeni yake. Kazi yangu ilikuwa kupeleka chai. Nilipeleka chupa ya kwanza, nikaona inatosha, nikamfuata Neema nyuma ya choo tulikokuwa tumetandika kadibodi yetu. Mama aliniita. "Tumpe! We Tumpe, chai imewaishia wageni!" Nilisikia. Zamu ilikuwa yangu na nilikuwa nafunga mchezo. Akaita tena. Mimi nikakusanya pumzi, nikakohoa, na papo hapo nikarusha dadu.

Sijui nifanyeje ili msomaji akisikie kikohozi kile. Kilitoka kizuri kuliko vyote nilivyowahi kukohoa. Kilitokea upande wa choo, kizito, cha mzee. Mama alikuwa jikoni, wageni wanasubiri, mtoto haitiki, na mara anasikia baba mkwe wake yuko chooni. Njia iko wazi. Alichukua chupa ya chai akaingia ndani haraka.

Niliona mgongo wake ukiingia korido. Nikaacha dadu nikamfuata, si kwa sababu nilijua kuna hatari, bali kwa sababu niliona anaelekea sebuleni na moyo wangu ulianza kudunda kwa furaha. Nilimkuta amesimama katikati ya sebule, chupa mkononi, mbele ya kiti cha Babu. Sura yake sikuiona. Niliona kisigino chake kikiinuka polepole, anarudi nyuma, kimya kabisa. Sasa sikilizeni. Babu alikuwa na bandeji jicho moja na ukungu jicho la pili, na chumba kilikuwa kimejaa wanawake wenye vitenge. Hakuwa amejua. Wageni wengi hawakuwa wametambua lolote. Mama alikuwa amebakiza hatua chache tu awe ametoka, na jambo lile lisingekuwepo duniani.

Nilipiga makofi. Nilipaza sauti yote niliyokuwa nayo. "Mama kashinda! Mama kamfikia Babu! Mama kashinda!"

Baadhi ya wageni walicheka, maana ni mtoto. Kisha waliojua mila wakawanyamazisha wenzao. Babu alivua kofia yake, akaishika mbele ya uso kwa mikono miwili. Mama alijifunika kitenge kichwani, akageuka, akatoka. Chupa ya chai aliiweka sakafuni taratibu kabla ya kutoka, haikumwagika hata tone. Baba alikuwa anatazama sakafu. Mimi nilibaki nimesimama, viganja vyangu bado viko juu, nasubiri mtu anipongeze.

Babu aliomba arudishwe Tukuyu. Bandeji ilipofunguliwa tu, akasema mji umemchosha, migomba inamhitaji, jicho la pili litasubiri. Hakumlaumu mtu. Nilimwambia Neema kuwa babu yangu ni mtu asiyependa kushindwa, na Neema akakubali, kwa sababu kaka yake naye yuko hivyo, akifungwa anamwaga ubao.

Aliyelaumu alikuwa Shangazi, dada mkubwa wa Baba. Alikuja na basi la asubuhi, hakukaa wala hakunywa chai. "Umemtokea baba yetu mbele ya watu wa kanisa," alimwambia Mama, mimi nikiwa pale mlangoni. "Mzee ni mgonjwa, macho hana, ukaona ndiyo nafasi ya kumdharau?"

Nilimtazama Mama nikingoja aseme. Hata sijui nilingoja aseme nini, kwa kuwa mimi mwenyewe sikujua bado kwamba kikohozi changu kimehusika. Mama alisema, "Nimekosa, wifi."

Tulikwenda Tukuyu, Mama, Shangazi na mimi, na kuku miguu imefungwa. Mvua ilikuwa imenyesha. Babu alikaa kwenye kibaraza akiwa ameipa kisogo migomba, na Mama akapiga magoti nyuma ya migomba ile, kwenye tope, kwa kitenge chake kizuri cha kanisani. Shangazi alikuwa katikati, anakwenda kwa huyu, anarudi kwa yule, anabeba maneno. Kazi niliyokuwa nikiifanya mimi mbiombio kwa kucheka, yeye aliifanya kwa miguu mizito. "Anasema amekosa, alidhani umetoka." "Mwambie nimesikia." "Anasema anaomba radhi." "Mwambie sina kinyongo naye. Chakula chake nilikula kwa furaha."

Mama akaanza kulia. Sikuwahi kumsikia akilia kabla ya hapo. Babu naye, kule kwenye kibaraza, akakohoa. Akanyamaza kidogo. Ndipo akainuka na kuingia ndani, na Mama akapata nafasi ya kusimama na kujifuta magoti bila kuonekana.

Pale ndipo nilipoelewa, nimesimama kwenye tope na kuku mkononi. Sikuelewa mila, mila nilikuja kuelezwa baadaye. Nilielewa kikohozi. Miaka yote ile Babu hakuwa anamtafuta. Alikuwa anamwambia, jisitiri mwanangu, napita. Hawakuwa wakishindana hata siku moja. Walikuwa upande mmoja, wawili wale, wanakilinda kitu kimoja kutoka pande mbili za ukuta, na mimi niliwachora kama maadui kwenye boksi la sabuni, kisha nikaiiba sauti waliyokuwa wakiaminiana nayo, nikaichezea nyuma ya choo. Nilitetemeka. Shangazi alidhani ni baridi ya Tukuyu, akanipokea kuku mkononi na kunifunika kanga yake.

Kadibodi niliichoma tuliporudi. Babu hakuja tena Mbeya. Jicho la pili halikutengenezwa kamwe, likazima, na lile la kwanza likamvusha hadi siku zake zilipokwisha. Kila tulipokwenda Tukuyu, mtu akimshika mkono upande ule usioona, mimi niliangalia pembeni.

Sasa jinsi mtu aliyeichoma kadibodi ile alivyoishia kutengeneza magemu, hilo hata mimi hunishangaza. Nilisoma kompyuta, nikaja Iringa kwa rafiki, nikakuta vijana wanne ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi wakijaribu kuunda gemu za simu kwa Kiswahili. Kiongozi wao, Festo, ana utaratibu mmoja kwa kila anayeingia. Hakuulizi vyeti. Anakupa kadibodi na kalamu, anasema, "Tutengenezee mchezo wa karatasi, wa kitu unachokijua mwenyewe. Usituletee mwanajeshi." Nilikaa na kadibodi ile nikijaribu kuchora soko, nikajaribu kuchora shamba la viazi. Mkono ukachora sebule, korido, uwanja, jiko.

Waliucheza hadi chakula cha mchana kikapoa. Walikohoa. Festo aliniuliza nimeutoa wapi, nikasema nyumbani, nikaishia hapo. Nilipata kazi, na mchezo wenyewe ukachaguliwa kuwa gemu yetu ya kwanza. Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi kama mtu aliyepewa zawadi ya nguo huku akijua imeanuliwa kwenye kamba ya mama yake. Kwenye kadibodi hii mpya niliifuta ile kanuni ya kiti cha Babu. Wachezaji wawili wako timu moja, na wakikutana wanashindwa wote. Festo alisema hajawahi kuona kanuni kama hiyo.

Juzi, nikiwa pale kwenye ngazi na harufu ile ya nta, simu ikaita. Mama. Hupiga Jumamosi.

"Umekula?" akauliza.

"Nimekula, Mama."

"Baba yako ananiambia mnatengeneza gemu ya mama anayemkimbia mkwe."

Sikujua Baba amejuaje. Nadhani nilimwambia kidogo, kwa kujisahau, siku ya kuajiriwa. Nilishika chuma cha ngazi. "Ndiyo, Mama."

"Na mzee anakohoa?"

"Anakohoa."

"Amekohoa nani humo ndani ya simu?"

Ningeweza kusema Festo. "Mimi," nikasema.

"Tena?"

Neno hilo tu. Miaka yote niliamini kwamba ninayejua ni mimi peke yangu na labda Neema.

"Ulijua?" nikauliza, na sauti ilitoka ya mtoto.

"Nilikuta kadibodi nyuma ya choo jioni ileile. Nikaona na vizibo."

"Mbona hukumwambia Shangazi? Ulipiga magoti kwenye tope, Mama."

"Ningemwambia nini? Mtoto amekohoa?" Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. "Aibu ilikuwa imeshanipata mimi. Ya nini niigawe nyumba nzima?"

Nililia pale kwenye ngazi, mtu mzima mwenye kitambulisho cha ofisi shingoni. Mama alinisubiri nimalize. Kisha akasema, kwa sauti ileile aliyokuwa akinifundishia kuchambua mchele:

"Halafu ulikuwa unakosea. Sauti uliipatia, siku ile hata mimi ulinipata. Lakini babu yako akishakohoa alikuwa anasubiri. Wewe hukusubiri. Ningekuwa sina haraka ningejua si yeye."

Nilirudi ndani. Sakafu ilikuwa inang'aa, nikavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nilifungua faili la sauti nikasikiliza kikohozi changu, kisha nikakifuta, nikamwomba Festo akohoe yeye. Baada ya kikohozi nikaweka kimya, kirefu cha kutosha mwanamke kuacha mwiko wake na kuvuta mlango. Festo alisema kinachelewesha mchezo.

"Kiache," nikamwambia.